Mikinduri: Kopo Lenye Matundu Matatu

Msafiri atokaye mji wa Meru kwenda Maua ana njia mbili mbele yake. Moja huzunguka milima ya Nyambene kupitia Kianjai. Ya pili hufuata miteremko ya upande wa kusini na mashariki, nayo ndiyo ifikayo Mikinduri. Akiishika hii ya pili, mkono wake wa kushoto huwa na milima, ambayo mara nyingi asubuhi imejifunika ukungu. Na mkono wake wa kulia nchi hushuka hatua kwa hatua, shamba chini ya shamba, mpaka kwenye nyika zenye joto zielekeazo mto Tana. Udongo ni mwekundu wenye rutuba, maana milima hiyo ilifanywa na volkeno katika zama za kale. Migomba, mahindi, maharagwe na miraa husimama pamoja, na mito kama Thangatha na Ura huteremka kwa haraka kuifuata Tana.

Jina la mahali lenyewe ni somo. Katika lugha ya Kimeru mukinduri ni mti, na mikinduri ni miti hiyo ikiwa mingi. Ni mti mrefu, wenye matawi yaliyotandazwa kama safu za mwavuli, na majani ambayo upande wa chini hung'aa kama fedha upepo ukiyageuza. Wakulima huupanda mipakani mwa mashamba. Njugu zake ngumu huanguka chini kwa wingi, na watoto waendao skuli huzipiga teke njiani pasipo kuzifikiria. Lakini ndani ya kila njugu mna mbegu, kwa kawaida tatu, na ndani ya mbegu mna mafuta. Habari ya mbegu hizo itarudiwa hapa chini.

Siku hizi mzazi wa Mikinduri, kama mzazi wa mahali pengine katika Kenya, ana jambo linalomshughulisha. Mwezi wa Januari mwaka 2003 Serikali ilifuta karo ya skuli za msingi, na hesabu ya watoto katika nchi nzima ikapanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Madarasa yakajaa. Kisha mwaka 2019 mtaala mpya ukaanza kutumika kote nchini, na mwezi wa Januari mwaka 2023 watoto wa kwanza wakaingia gredi ya 7, yaani sekondari ya chini. Serikali iliamua kwamba madarasa hayo yawe papo hapo katika skuli za msingi, ili watoto wadogo wasipelekwe bweni mbali na nyumbani. Uamuzi huo ulikuwa na wema wake. Lakini katika masomo ya gredi hizo limo somo la Sayansi Jumuishi, ambalo lataka majaribio ya kutenda kwa mikono. Na skuli nyingi za msingi hazikujengwa zikiwa na maabara. Huko mtaala ulifika kabla ya vyombo.

Basi mwalimu afanyeje? Hapana budi kuchagua moja kati ya mambo mawili. Aweza kuandika ubaoni maneno ya kitabu, watoto wakayanakili na kuyaimba mpaka yakae kichwani. Au aweza kutoka nje ya mlango, atazame nchi ilivyo, na kuifanya hiyo maabara yake. Na nchi ya Mikinduri, kwa bahati njema, ina mengi ya kufundishia.

Kwanza ni jua. Mstari wa Ikweta hupita karibu na mji wa Meru, na Mikinduri iko kaskazini yake kwa mwendo mfupi tu. Kwa hiyo fimbo iliyonyoka, yenye urefu wa mita moja, ikisimamishwa wima uwanjani, huonyesha jambo lisiloweza kuonekana London wala Cairo. Katika mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, karibu na tarehe 21 hadi 23, kivuli cha adhuhuri hutoweka karibu chote chini ya fimbo. Mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, na mwezi wa Desemba huelekea kaskazini, kila mara kikifika karibu sentimita 43. Mtoto atiaye kijiti mahali kivuli kilipofika, mwezi baada ya mwezi, huuona mwaka mzima ukitembea juu ya mchanga wa skuli yake.

Fimbo hiyo hiyo ina neno jingine la kusema. Watoto wakikitazama kivuli kwa saa ya mkononi, wataona kwamba hakiwi kifupi kabisa inapotimia saa 6 kamili mchana. Huchelewa, kwa kadiri ya nusu saa: mwanzoni mwa Novemba hufika ufupi wake karibu na saa 6 na dakika 12, na katikati ya Februari karibu na saa 6 na dakika 43. Je, saa imeharibika, au jua ndilo limechelewa? Hakuna kilichoharibika. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki ya Greenwich, nao hupita karibu na Mogadishu. Mikinduri iko magharibi ya mstari huo kwa digrii zaidi kidogo ya 7, na kwa kila digrii jua hukawia dakika 4. Tofauti ya mwezi na mwezi hutokana na mwendo wa dunia yenyewe kulizunguka jua, maana njia yake si duara kamili na mhimili wake umeinama. Karani aliyezoea kuamini saa ya ukutani kuliko kitu kingine chochote atashangaa kuambiwa hayo na mtoto wa miaka 13 mwenye fimbo.

Pili ni ile mbegu ya mukinduri. Karibu theluthi ya uzito wake ni mafuta, na katika miaka ya karibuni watu wamekamua mafuta hayo kwa ajili ya mashine. Darasani haihitajiwi mashine. Mbegu huambuliwa ganda, huchomekwa kwenye ncha ya waya, na huwashwa moto nje, mahali pasipo upepo. Juu yake hushikiliwa kopo dogo lenye gramu 100 za maji, yaani mililita 100. Kabla ya kuwasha, joto la maji hupimwa. Mbegu ikiisha, hupimwa tena. Kama kipimajoto ni kimoja tu katika skuli, kinatosha, maana darasa zima laweza kusoma namba moja na kuiandika.

Jibu litawashangaza. Gramu moja ya mafuta ikiungua yote, joto lake lote likiingia katika gramu 100 za maji, maji hayo yangepanda kwa digrii karibu 90. Lakini mtoto, hata akichoma mbegu kadha wa kadha, ataona maji yamepanda kidogo tu. Joto jingine limekwenda wapi? Hapo ndipo somo linapoanza. Mmoja atasema limepotea hewani. Mwingine atasema kopo lenyewe limelila. Wote wawili wana haki. Wakizungushia moto ukuta wa udongo au bati na kurudia jaribio, maji yatapata joto zaidi kwa mbegu zile zile. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake amekwisha kuelewa kwa nini jiko lenye kuta hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu, naye aweza kumweleza mama yake jioni ile ile bila kufungua kitabu.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni jaribio la kopo, nalo ni rahisi kuliko yote. Hutwaliwa kopo refu, na hutobolewa matundu matatu ya ukubwa mmoja kwa msumari: moja karibu na chini, kwa robo ya urefu wa kopo, moja katikati, na moja juu, kwa robo tatu. Kopo hujazwa maji, na mtoto mmoja huendelea kumimina ili lisipungue. Vitabu vingi huonyesha picha ya kopo kama hilo, na katika picha maji ya tundu la chini huruka mbali kuliko yote, ili kufundisha kwamba nguvu ya maji huongezeka kwa kina chake.

Sasa kopo na liwekwe sakafuni, si juu ya kitu, na watoto watie alama mahali maji yanapoangukia. Yule mwalimu atazamiaye kuona picha ya kitabu atapata mshituko. Maji yaendayo mbali si ya chini, ni ya katikati. Na yale ya juu na ya chini huangukia karibu mahali pamoja! Mtoto wa mbele atainua mkono na kusema, "Mwalimu, maji haya hayafanani na picha."

Wakati huo ndio unaopima mwalimu, wala si mtoto. Mwalimu aweza kusema, "Keti chini, matundu yako hukuyatoboa vizuri." Darasa litacheka, mtoto ataketi, na picha ya kitabu itabaki mshindi. Au aweza kusema, "Na tuyatazame tena." Wakiyatazama tena wataipata sababu. Maji ya chini kweli hutoka kwa nguvu kuliko yote, lakini yako karibu na sakafu na huigusa mara moja. Maji ya juu yana safari ndefu ya kuanguka, lakini hutoka kwa unyonge. Ya katikati yamepewa sehemu ya mambo yote mawili. Kisha kopo liwekwe juu ya kiti, maji yaangukie sakafuni, na maji ya chini yatapata nafasi ya kuonyesha nguvu zake: ndiyo yatakayokwenda mbali. Kanuni ya kitabu ilikuwa kweli. Picha ndiyo iliyosahau kusema kopo limesimama wapi.

Si jambo jipya katika Afrika Mashariki kwamba mwanafunzi aone kitu ambacho kitabu hakikukisema. Mwaka 1963, katika Skuli ya Sekondari ya Magamba huko Tanganyika, kijana Erasto Mpemba wa kidato cha tatu alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kawaida ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa ikigombewa, naye akayatia yake yangali na moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye fizikia yake ikafanywa jambo la kuchekwa darasani.

Mpemba hakuliacha swali. Alipokuwa katika Skuli ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, na wanafunzi wakaalikwa kuuliza. Mpemba akauliza lile lile. Wenzake wakacheka tena. Lakini mgeni huyo hakucheka. Aliahidi kulijaribu, akarudi chuoni na kulifanyia majaribio, na mwaka 1969 habari hizo zikatolewa katika gazeti la elimu ya fizikia huko Uingereza, majina ya wote wawili yakiwa juu yake. Hata leo wataalamu hawajaafikiana: wako wasemao kwamba jambo hilo hutokea, na wako waliojaribu kwa uangalifu wasilione. Lakini ulimwengu mzima hulijua kwa jina la Mpemba, na wanaoendelea kubishana juu yake hubishana kwa vipimajoto, si kwa vicheko.

Kenya nayo ina habari zake. Katika miaka ya 1960 ulianzishwa mpango wa sayansi kwa skuli za msingi za Afrika, ambamo waalimu wa nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, walifundishwa kutumia vitu vya karibu: udongo, mbegu, wadudu, betri za tochi na nyaya. Wengi waliuliza kama watoto hao walijifunza kitu au walicheza tu. Karibu na mwaka 1970 Bibi Eleanor Duckworth, mtaalamu wa elimu kutoka Kanada, alikuja Kenya kupima jambo hilo. Hakuwapa watoto karatasi ya mtihani. Aliwatandazia vitu vya namna nyingi, akawaacha wafanye wapendavyo, na kazi yao ikatazamwa na kuandikwa. Watoto waliotoka katika mpango ule walipata mambo mengi zaidi ya kufanya, na kazi yao ilikuwa na mafumbo zaidi kuliko ya wale waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Taarifa yake ilichapwa mwaka 1978.

Baadaye, mwaka 1998, Serikali ya Kenya ikishirikiana na Japani ilianza mafunzo ya waalimu wa hisabati na sayansi wa skuli za sekondari, kwanza katika wilaya 9, kisha nchini kote. Nguzo zake zilikuwa nne: kazi ya kutenda, mwanafunzi kuwa mbele, majaribio, na kutumia kilichopo pale kisipokuwapo kilichoandikwa. Kwa hiyo mwalimu wa Mikinduri atwaaye kopo na msumari hafanyi jambo la aibu, wala la kienyeji. Anafuata njia iliyokwisha kupitwa na kupimwa.

Hata hivyo, si vema kumdanganya msomaji. Kopo haliwezi kuwa maabara nzima. Umeme hauwezi kupimwa sawasawa bila mita yake, na kemia yataka dawa zake na mahali salama pa kuziweka. Mwanafunzi atakayefika sekondari ya juu atakutana na vyombo vya kweli, na asiyepata kuvigusa kabla ya siku ya mtihani huwa kama mtu apewaye usukani barabarani kwa mara ya kwanza. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu walimaliza gredi ya 9 mwaka 2025, nao walitakiwa kuchagua moja ya njia tatu: sayansi na uhandisi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Mtoto aliyeijua sayansi kama maneno ya kukariri tu ataikimbia njia ya kwanza kabla hajaijaribu. Kwa hiyo wazazi na wakuu wana haki ya kuendelea kudai maabara. Lakini darasa lisikae kungojea.

Tena majaribio yana hatari zake. Mbegu za mukinduri si chakula, na watoto waambiwe hivyo. Moto uwashwe nje, maji ya kuuzima yakiwa tayari. Kopo lenye ncha kali likunjwe midomo yake. Mtoto asitazame jua kwa macho matupu hata mara moja, kivuli chatosha. Na betri za tochi zitumike kama zilivyo, zisipasuliwe, wala nyaya za darasani zisiunganishwe kamwe na umeme wa nyumba.

Yuko pia mzazi mwenye kunung'unika. Apitapo njiani huona watoto wamezunguka kopo lenye kuvuja, suruali zimelowa, naye hujisemea, "Nimempeleka skuli asome, siyo acheze na maji." Mzazi huyo si mjinga, amelipa kwa jasho lake, na anaogopa kupata hasara. Mtu wa namna hiyo yafaa aonyeshwe mfereji wake mwenyewe. Katika miteremko kama ya Nyambene maji huweza kuletwa kwa bomba kutoka juu, yakishuka kwa uzito wake bila mashine. Na kila yashukapo mita 10, nguvu yake huongezeka kwa karibu kilo 1 juu ya kila sentimita mraba. Bomba likishuka mita 100 bila tangi la kupunguzia nguvu katikati, likifungwa chini, nguvu hiyo hufika karibu kilo 10. Ndiyo maana mwenye shamba la chini hupasukiwa na bomba, naye jirani yake wa juu, mwenye bomba la namna ile ile, hapasukiwi.

Ugomvi mwingi wa majirani umeanzia hapo, mmoja akidhani mwenzake amemhujumu, au fundi amemwibia kwa kumwuzia bomba hafifu. Lakini mtoto aliyelishika kopo lenye matundu matatu anaijua sababu. Jioni aweza kusimama kando ya baba yake penye bomba lililopasuka na kumwambia kwa adabu, "Baba, si jirani. Ni kina cha maji."

Baba atakayekubali kumsikiliza mtoto huyo, na mwalimu atakayekubali kusahihishwa na kopo, wameifanyia Mikinduri kazi isiyohitaji kungoja bajeti. Wazee walisema zamani kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nchi imekwisha kuweka vyombo vyake mbele ya mlango wa skuli: jua, mbegu, maji na mteremko. Kilichobaki ni mtoto kupewa nafasi ya kuuliza, na mtu mzima wa kutomcheka.